Gamba la Kamera: Si Nyumba, Wala si Kasha

Kuna orodha ya istilahi za upigaji picha inayozungushwa siku hizi miongoni mwa wafasiri na walimu wa Kiswahili. Sitaitaja jina, wala sitawataja walioitunga, maana baadhi yao tunakutana makongamanoni na tunasalimiana vizuri. Humo, kile kivazi kigumu ambacho kamera ya video huvishwa kabla ya kuteremshwa vilindini kimeitwa "nyumba ya kamera". Basi. Hakuna maelezo wala kibadala. Mtu kaliona neno la Kiingereza "housing", kaiona nyumba ndani yake, kaandika nyumba, kaenda kunywa chai.

Mswahili akisikia "nyumba ya kamera" atadhani ni studio. Nyumba ina mlango wa kufunguliwa asubuhi na madirisha ya kuingiza hewa, na wenyewe hutoka wakaingia. Chombo hiki kikiingiza hewa, kitaingiza na maji. Mtetezi mmoja wa nyumba alinikumbusha kwamba tunasema "nyumba ya uzazi". Nikamshukuru. Ila humo mtoto huanza kama tone, akakua, akatoka. Kamera haikui, na tunaomba isitoke kabla ya kufika juu.

Kundi la pili linapigania kasha, na hili ndilo lililonitia kalamu mkononi, kwa kuwa lina wasomi. Kasha ni neno zuri, tulilipata kwa Wareno pamoja na bweta, na limekaa nasi hadi tukasahau asili yake. Lakini tazama likivishwa kazi hii: "kasha la maji". Chupa ya maji ina maji. Tangi la maji lina maji. Kasha la maji, kwa sikio lolote lililolelewa kwa Kiswahili, ni kasha lililojaa maji, yaani jambo lile lile ambalo mpiga mbizi ametumia fedha nyingi kuliepuka! Wakiambiwa hivyo hurefusha: "kasha la kuzuia maji la kamera ya video ya chini ya maji". Hiyo si istilahi, ni barua.

Mimi nasema gamba.

Gamba la kobe, magamba ya samaki, gamba la nyoka: neno limo kinywani mwa kila mtoto wa Afrika Mashariki, na maana yake haijawahi kuwa chombo cha kutilia vitu. Gamba ni ganda gumu lililofuata umbo la mwenyewe. Yuko pia ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake lilisafirishwa kutoka pwani hii tangu zamani za mabaharia wa Kiyunani. Kitabu chao cha karne ya kwanza, kile cha Bahari ya Eritrea, kinaitaja Rhapta kuwa bandari ya pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kwamba ng'amba na gamba ni ndugu siwezi kuapa, ila ningeshangaa wasiwe hata majirani. Neno lenye jamaa kama hawa lipo bandarini, na watunga orodha wanaagiza nyumba.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya kifundi, na wapinzani wangu huipita kimya. Kivazi cha kamera ya kilindini hutengenezwa kwa modeli moja tu. Kila kitufe cha nje kimepangwa kikabili kitufe cha kamera ile, kwa kipimo cha milimita. Ukinunua kamera mpya, hata ya kampuni ile ile, kivazi cha zamani kinaweza kuwa cha kuwekea kalamu. Kasha hupokea chochote: kanga, hati za shamba, dhahabu ya bibi. Gamba la kobe huyu halimwenei kobe yule.

Wako waliopendekeza ala, kama ala ya kisu. Hao nawaheshimu. Lakini ala ina mdomo wazi, na tayari imebeba ala za muziki mgongoni. Na wako wanaocheka kwamba gamba linanuka siasa, tangu chama tawala cha Tanzania kilipotangaza "kujivua gamba" mwaka 2011. Anayejivua gamba ni nyoka. Kobe hajivui.

Sasa tuje kwenye kejeli niliyopigwa mimi, mkazi wa Eldoret. Katika kikao fulani, bwana mmoja wa pwani aliuliza, mbele ya watu, mkazi wa Eldoret anajua nini kuhusu vilindi, naye anaishi mita 2,100 juu ya bahari. Watu walicheka. Sikumjibu siku ile, namjibu hapa. Hewa ya Eldoret ina shinikizo la karibu asilimia 78 ya lile la Mombasa. Funga gamba lako hapa Uasin Gishu, ukaze vizuri, teremka nalo hadi Likoni bila kulifungua: hewa iliyomo ndani ni ya mlimani, ya nje ni ya pwani. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10 kitakuwa kimekandamizwa kwa uzito wa karibu kilo 18, na utahangaika kukibandua. Wapiga picha wa vilindini hulipia pampu ndogo ya kunyonya hewa ili wapate hali hiyo hiyo, kisha hutazama kama shinikizo la ndani linapanda. Likipanda, oringi, ile pete ya mpira inayoziba kiungo, inavuja. Sisi tumepewa bure. Na hewa yetu ya Januari, baridi na kavu, haitii ukungu kwenye kioo kama ile ya pwani ikifungiwa ndani.

Wala vilindi si hadithi ya mbali. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee hapo Likoni likiwa na mama na mwanawe. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Nchi nzima ikajifunza kina kile ni nini. Mbizi ya burudani hukomea mita 40. Magamba ya plastiki ya kamera ndogo zinazouzwa madukani huandikwa mita 60, na mita 58 ni kulichezesha gamba ukingoni. Kwenye mita 100, kioo cha sentimita 10 hubeba takriban kilo 800. Hapo plastiki hukaa pembeni, alumini ikaingia. Hata springi za vitufe lazima ziwe ngumu, la sivyo maji yenyewe yatabonyeza kitufe na kukishikilia, nawe utarudi na picha ya mchanga.

Afrika Kusini waliyaona haya. Oktoba 2000, huko Sodwana, mpiga mbizi Pieter Venter na wenzake walimkuta samaki aitwaye silikanti kwenye mita 104. Walirudi Novemba na kamera, wakavuta mchanganyiko wenye heli, wakampata kwenye video. Mwenzao mmoja hakurudi hai. Samaki wa aina hiyo hiyo alinaswa karibu na Malindi mwaka 2001, na Tanga wamemtengea hifadhi ya bahari. Ana magamba mazito kama vigae. Mwenye magamba alipigwa picha na mwenye gamba, na bado naambiwa neno halifai.

Liko dai la mwisho, kwamba wapiga mbizi wenyewe husema "hauzingi" na mambo huenda. Huenda, naam. Mji wetu wa Eldoret nao uliitwa Sisibo, kutokana na shamba namba 64, na mambo yalikwenda. Leo Eldoret ni jiji, tangu Agosti 2024, na Sisibo utaisikia kwa wazee.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: gamba, magamba, kuivisha kamera gamba, gamba la alumini, gamba limevuja. Kioo cha mbele kikiwa bapa ni kioo bapa, kikiwa cha mviringo ni kuba, neno ambalo misikiti yetu imelitunza vizuri. Oringi ibaki oringi. Mafundi wa jua kali wameshaamua, na unywele mmoja juu yake hulijaza gamba maji mita chache tu kutoka juu, kabla kilindi hakijapata nafasi ya kulibana.

Orodha ile, nasikia, itachapishwa upya. Nawaomba wahariri wake waifute "nyumba ya kamera". Wakishindwa kuandika gamba kwa sababu limetoka Eldoret, waandike ala. Nitanuna, lakini nitainunua.