Mwezi wa Saa na Mwezi wa Ujiji

Kuna saa za mkononi zenye kidirisha kidogo kinachoonyesha mwezi. Patek Philippe wa Geneva walitengeneza moja, yenye kalenda nzima, mwaka 1925, na hadi leo saa za aina hiyo huuzwa kwa bei ya nyumba. Ufundi wake wa kawaida ni huu: kisahani chenye michoro miwili ya mwezi, kinachosogezwa jino moja kwa siku na gurudumu la meno 59. Kila mwezi hupata siku 29 na nusu. Mwezi wa mbinguni, bwana, unahitaji dakika 44 zaidi. Ukiiacha saa hiyo bila kuirekebisha, baada ya miaka 2 na miezi 7 hivi inakuwa imeutangulia mwezi kwa siku nzima.

Kosa dogo, lakini hunikumbusha kosa kubwa zaidi la Ujiji. Vitabuni tunasoma kwamba Henry Stanley alimkuta David Livingstone pale Novemba 10, 1871. Hiyo ni tarehe ya Stanley. Shajara ya Livingstone inauweka ujio huo kati ya Oktoba 24 na 28. Tofauti ni karibu wiki mbili! Wote wawili walijua vyombo vya kupimia muda, ila safarini waliugua homa, na siku zikawapotea.

Sasa tazama angani. Desemba 12, 1871 jua lilipatwa, na wanasayansi walikwenda hadi India kulitazama. Jua hupatwa mwezi ukiwa umefichika kabisa. Rudi nyuma siku 29 na nusu: giza jingine, karibu na Novemba 12. Rudi tena nusu ya hapo: mwezi mpevu, kama Oktoba 28. Kwa hiyo tarehe ya Stanley ni ya usiku wa giza, na ya Livingstone ni ya siku za mbalamwezi. Ubishi wote ungeisha kwa swali moja: usiku ule, nje kulikuwaje?

Ujiji kulikuwa na watu wa kulijibu. Waislamu wa mji walikuwa ndani ya Shaaban, na Ramadhani iliandama siku chache baada ya Novemba 10. Hata hivyo, hesabu tuliyorithi shuleni ni ya wageni wawili waliotoka kuugua.

Hesabu ya mwezi haijafa ziwani. Nenda Kibirizi leo. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa usiku, na mbalamwezi ikitanda taa hazina nguvu. Wengi hupumzika, hushona nyavu, na mfukoni hukauka. Giza likirudi, mitumbwi inaingia majini. Kwao kukosea mwezi ni kukosa mboga na ada ya shule.

Jambo moja zaidi. Kidirisha cha saa huuonyesha mwezi mchanga umesimama, kama unavyoonekana Ulaya. Kigoma, nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi. Atakayeinunua saa ile aje nayo ufukweni jioni ya mwandamo, ailinganishe mwenyewe.