Divai, Tembo na Uraka: Habari za Vinywaji vya Kusini na Mali Inayooza Chini ya Mikorosho

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, kurasa nyingi zimepewa korosho, wala si ajabu, maana korosho ndiyo iliyotujengea maghala na kusomesha watoto wetu. Lakini kila korosho iliyopita katika mizani yetu ilizaliwa ikining'inia chini ya tunda, na tunda hilo, yaani bibo, halina ukurasa hata mmoja. Sisi wa ofisi ya Chama tumeona yafaa kulitafutia nafasi. Na kwa kuwa bibo tangu zamani limejulikana zaidi kwa kile kinywewacho kuliko kile kiliwacho, hatuna budi kuandika habari za vinywaji: divai za watu wa mbali, tembo la watu wa pwani, na uraka wa watu wa nyanda za juu za Makonde. Twajua kwamba wengi wa wanachama wetu ni Waislamu wasioonja vitu hivi, na wako Wakristo pia walioviacha. Hatuandiki kumshawishi mtu anywe. Twaandika kwa sababu ni habari ya mali, na mkulima hana haki ya kutojua bei ya kitu kiotacho shambani mwake.

Divai si ngeni katika pwani hii kama watu wadhanivyo. Kiko kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, ambacho chaeleza safari za majahazi ya Waarabu kutoka Muza, bandari ya Yemeni, mpaka pwani ya Azania, ndiyo pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mwandishi ahesabu mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo vilivyoletwa kuuzwa. Kisha aongeza kwamba mahali pengine wafanya biashara walileta divai na ngano kwa wingi, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Tulipoisoma habari hii tulicheka kidogo, kwa maana desturi ya mnunuzi kumkaribisha muuzaji kinywaji kabla ya kutaja bei yaonekana kuwa na umri wa miaka elfu mbili. Wenye kuuza korosho porini kwa kangomba wataielewa bila kufasiriwa.

Lakini wenyeji wa pwani hawakungoja divai ya Yemeni. Kutoka Mikindani mpaka Msimbati, na kusini mpaka mdomo wa Ruvuma, mnazi ulikuwa ndio pipa lao. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Hukata ncha ya karara ambalo halijafunguka, hulifunga lisipasuke, na kutundika kibuyu chini yake. Kila apandapo huparuza ncha hiyo tena, chembamba kama karatasi, ili maji yasikome. Mnazi uliogemwa hauzai nazi katika makarara yale, hivyo mwenye shamba huchagua: ama nazi, ama tembo. Hesabu hiyo watu wa pwani waliijua kabla ya kuwako ofisi yo yote ya ushirika.

Na hapa ndipo tuanzapo kuona kwamba sanaa ya kuonja, ambayo Wazungu hujivunia kwa divai zao, haikukosekana kwetu. Tembo la asubuhi, kabla jua halijapanda, ni tamu, jeupe kama maji ya mchele, na lina mapovu madogo yachomayo ulimi kidogo tu. Adhuhuri utamu umepungua na ukali umeingia. Jioni ni tembo kali lenyewe, na kesho yake ni siki, nayo siki si hasara, kwani huingia katika achari na samaki. Mnywaji mzoefu aliweza kusema kama kibuyu kilioshwa au hakikuoshwa, na kama mgema alichanganya tembo la jana na la leo. Juu ya kutia maji hatusemi neno, maana methali imekwisha kumtangaza mgema kiasi cha kutosha.

Mkorosho wenyewe ulikuja na Wareno. Asili yake ni Brazil, ambako watu wa kabila la Tupi waliliita tunda lake akaju na kulitengeneza kileo chao kabla hawajaona merikebu ya Ulaya. Wareno wakafanya neno hilo kuwa caju, nasi huku pwani tukapata kanju na mkanju. Katika karne ya 16 waliupanda Goa katika Bara Hindi, na Msumbiji vile vile. Nchi hizo mbili zilikuwa chini ya serikali moja, kwa kuwa Msumbiji ilitawaliwa kutoka Goa mpaka mwaka 1752, na meli zao zilipita mbele ya mdomo wa Ruvuma zikienda na kurudi. Basi tazameni jambo hili: huko Goa maji ya bibo yaliyochacha hukenekwa, na kinywaji cha mkeneko wa kwanza huitwa urrak, neno ambalo asili yake ni araki ya Kiarabu. Sisi huita uraka maji ya bibo yaliyochacha ambayo hayakukenekwa. Kitu kimebadilika njiani, jina likabaki. Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma na wa ng'ambo hii ni ndugu wa damu. Na ijapokuwa Wajerumani waliwanyang'anya Wareno pembetatu ya Kionga mwaka 1894, na Wareno wakairudisha mwaka 1916, mpaka haukupata kuwazuia watu kuvuka na vibuyu vyao.

Meli hizo hizo za Wareno zilifundisha ulimwengu somo jingine. Divai ya kawaida huharibika kwa joto, lakini ile ya kisiwa cha Madeira, iliyosafirishwa ndani ya mapipa kupita ikweta na kurudi, ilionekana kuwa nzuri kuliko ile iliyobaki nyumbani. Tangu hapo watu wa Madeira wakaanza kuipasha divai yao joto kwa makusudi. Twaitaja habari hii kwa sababu huambiwa mara nyingi kwamba nchi ya joto haiwezi kutoa kinywaji cha kuwekwa.

Juu katika nyanda za Newala na Tandahimba mambo yalikuwa mengine. Huko udongo ni mchanga unaomeza mvua yote, na mito haiko. Karl Weule, mtaalamu wa Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya shida ya maji ya watu wa huko, waliokuwa wakiteremka magenge marefu kuyafuata mabondeni. Mikorosho ilipoenea, mabibo yalianza kuiva kuanzia Septemba na Oktoba, ndiyo miezi ya kiu iliyo kali kuliko yote. Mama zetu wakayatwanga kinuni au kuyakamua kwa mikono, wakachuja, wakaweka mtungini. Maji ya siku hiyo hunywewa na watoto pia. Siku ya pili ni uraka.

Uraka mzuri una rangi ya asali hafifu au ya waridi, kwa kadiri ya mabibo yalivyokuwa, ya manjano au mekundu. Harufu yake hutangulia, nayo ni harufu isiyofanana na ya tunda jingine lo lote. Mgeni huikimbia, mwenyeji huifuata. Kisha huja utamu, na baada ya utamu ukakasi ambao hushika ulimi na kukereketa koo. Wazee huupima uraka kwa ukakasi huo. Ukizidi, mabibo yalikamuliwa mabichi. Ukikosekana kabisa, mtu ametia maji. Mabibo yaliyonyeshewa hutoa uraka mwepesi usio na moyo. Yaliyoiva katika jua kavu na kuanguka yenyewe hutoa ulio mzito. Hata mwaka wa mavuno hutajwa: uraka wa mwaka ule wa mvua za mapema, uraka wa mwaka wa ubwiriunga. Hayo ndiyo yale yale wayasemayo watu wa Ufaransa na Ureno juu ya divai zao, tofauti ikiwa kwamba wao huandika mwaka juu ya chupa, nasi twauandika katika kumbukumbu za wazee.

Ukikenekwa, uraka huwa nipa, ndugu wa gongo. Hapo hatuna la kusifu. Sheria ya mwaka 1966 juu ya pombe ya moshi ilikataza kuikeneka bila ya leseni, na watu waliopofuka au kufa kwa vinywaji vya namna hiyo vilivyokenekwa vibaya hawana idadi ndogo katika nchi yetu. Mabibo huanikwa pia yakawa kochoko, ili nipa ipatikane hata baada ya msimu. Kwa hiyo mtu atakayesema kwamba mabibo hayana kazi hakusema kweli: yana kazi, ila ni ya gizani, na faida yake haiingii katika daftari la mtu ye yote.

Sasa tuwatazame wenzetu. Mwaka 1756 serikali ya Ureno, chini ya Pombal, iliweka mipaka ya bonde la Douro na kuamuru kwamba divai ya porto ni ile tu itokayo ndani ya mipaka hiyo. Sababu ilikuwa ni udanganyifu, yaani watu walikuwa wakichanganya divai na vitu visivyofaa, na bei ikaanguka. Goa, baada ya miaka mingi ya kinywaji chao kudharauliwa kuwa cha wanakijiji, walipata mwaka 2009 usajili wa jina la feni ya mabibo, kwamba lisitumiwe na mtu wa mahali pengine. Katika jimbo la Piauí, Brazil, wao hawachachui kabisa: maji ya bibo huondolewa ukakasi kwa jelatini, huchujwa yakawa meupe kama kioo, hutiwa chupani na kuchemshwa mpaka sukari yake igeuke rangi ya kaharabu. Kinywaji hicho, kiitwacho cajuína, hakina kileo hata tone, na wanachama wetu Waislamu wangeweza kukinywa bila wasiwasi.

Hata hapa nchini tuna mfano. Dodoma, nchi ya ukame, ilipandwa mizabibu na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na leo mkulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya. Hapo kwanza watu waliicheka divai ya Dodoma. Siku hizi hutiwa katika glasi za wageni wa heshima.

Turudi kwenye hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Bibo lina uzito wa mara nane hadi kumi ya korosho yake. Nchi yetu ilivuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/1974. Kisha vijiji vilihamishwa, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, ubwiriunga ukaingia, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, dawa ya salfa ikaenea, mauzo ya stakabadhi ghalani yakaanza mwaka 2007, na msimu wa 2017/2018 tukapita tani 310,000. Maana yake ni kwamba msimu ule peke yake mabibo karibu tani milioni mbili na nusu yalianguka chini, mengi ya hayo katika mikoa yetu ya kusini. Sehemu kubwa ilioza. Na tunda hilo lina vitamini C kupita chungwa mara kadhaa.

Hatusemi kwamba kazi ni rahisi. Bibo huharibika katika siku moja au mbili, nalo haliwezi kungoja mnada kama korosho ghalani. Sukari yake ni kama nusu ya ile ya zabibu za divai, hivyo anayetaka divai inayodumu hana budi kuongeza sukari, na sukari ina bei. Ukakasi waweza kuondolewa kwa uji mwembamba wa mchele au wa wanga wa muhogo, ambao hushuka chini pamoja na ule ukakasi; na muhogo, tunashukuru, haukosekani Newala. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, wametengeneza divai, sharubati na jemu za mabibo. Ujuzi uko. Kisichokuwako ni chupa, mashine za kukamulia zilizo karibu na mashamba, na mnunuzi anayejulikana kabla ya Septemba.

Tena kuna jambo la kinamama. Uraka tangu awali ni kazi yao, na fedha yake, ndogo kama ilivyo, huingia mikononi mwao moja kwa moja, wakati fedha ya korosho huandikwa kwa jina la mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mume. Kama Chama kitachukua mabibo na kuyalipa kwa daftari lile lile, tutakuwa tumewanyang'anya kinamama kitu kwa jina la maendeleo. Neno hili lilisemwa na mama mmoja, mwanachama wa Tandahimba, katika kikao chetu, na wajumbe wanaume walikaa kimya kwa kitambo.

Kwa sababu hiyo pendekezo tulilowapelekea wajumbe wa mkutano mkuu ni dogo. Tumeomba vyama vya msingi vitatu, kimoja cha nyanda za juu, kimoja cha bonde la Ruvuma na kimoja cha pwani, vikamue mabibo msimu ujao chini ya vikundi vya kinamama wenyewe, kwa daftari lao wenyewe; kwanza sharubati, na divai baadaye kwa leseni. Kila mtungi uandikwe mahali, tarehe, rangi ya mabibo na hali ya mvua. Chupa chache zitawekwa gizani katika ghala letu la Mtwara, nazo zitafunguliwa baada ya mwaka, mbele ya wale wapendao kuonja na mbele ya mweka hazina, ambaye haonji.