Susanna Wesley, Mama na Mwalimu Aliyewalea Waimbaji

Tunapomshukuru Mungu kwa jubilei ya kwaya yetu, ni vyema tumkumbuke mama mmoja ambaye hatumjui kwa wimbo wala kwa cheo chochote kanisani, lakini nyumba yake ndiyo iliyowalea watunzi na wahubiri. Huyu ni Susanna Wesley, mamake John na Charles Wesley, ambao kwao chimbuko la Kanisa la Methodisti linahesabiwa.

Susanna alizaliwa London mwaka wa 1669, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 25. Babake, Samuel Annesley, alikuwa mhubiri. Mwaka wa 1688 aliolewa na Samuel Wesley, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana katika mji mdogo wa Epworth, mashariki mwa Uingereza. Maisha yake hayakuwa mepesi. Alizaa watoto 19, na 9 kati yao wakafariki wakiwa wachanga. Mwaka wa 1705 mumewe alitiwa gerezani kwa sababu ya madeni, naye akabaki na mzigo wote wa nyumba.

Katika hali hiyo, Susanna aliwafundisha watoto wake mwenyewe, nyumbani. Mtoto alianza masomo alipotimiza miaka 5. Wengi wao walizijua herufi zote kwa siku moja, kisha wakaanza kusoma kitabu cha Mwanzo. Masomo yalichukua saa 6 kila siku, 3 asubuhi na 3 alasiri. Wasichana walifundishwa pia, na sharti lake lilikuwa kwamba msichana asipewe kazi ya kushona kabla ya kujua kusoma vizuri. John alisimulia kwamba siku moja baba aliuliza mama anapata wapi subira ya kumwambia mtoto jambo lile lile mara 20. Mama alijibu kwamba angeishia mara ya 19, kazi yake yote ingepotea bure. Mwalimu yeyote wa sauti ataelewa jibu hilo.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mkali, na aliamini kwamba mtoto anapaswa kuiogopa fimbo mapema na kulia kwa sauti ya chini. Katika hilo wazazi wengi wa leo hawatamfuata. Lakini kila mtoto alikuwa na jioni yake ya kuzungumza na mama peke yake. John alipewa Alhamisi na Charles Jumamosi.

Februari 1709, usiku, nyumba yao iliteketea. John, aliyekuwa na miaka 5, aliachwa ghorofani bila kukusudia. Jirani mmoja alipanda juu ya mabega ya mwenzake akamtoa kupitia dirishani. Watoto walitawanywa katika nyumba za watu hadi makao mapya yalipojengwa. Waliporudi, mama alikuta wamebadilika. Adabu ilikuwa imepungua, siku ya Bwana hawakuiheshimu tena kama zamani, na walikuwa wamejifunza nyimbo zisizofaa.

Susanna hakukata tamaa, wala hakuishia kuwakemea. Badala ya nyimbo zile aliwapa nyingine. Wakati huo ndipo alipoanzisha desturi ya kuimba zaburi kila shule ilipofunguliwa na kila ilipofungwa, asubuhi na jioni. Saa kumi na moja jioni, mtoto mkubwa kuliko wote alimchukua mdogo kabisa aliyeweza kuzungumza, wa pili akamchukua anayefuata, na hivyo hivyo, wakawasomea Zaburi za siku hiyo na sura moja ya Agano Jipya. Nyumba ilipoungua, Charles alikuwa na mwaka 1 tu. Basi alikulia ndani ya desturi hiyo, na maishani mwake akatunga nyimbo zaidi ya 6,000.

Wakati wa baridi wa mwaka 1711 kuingia 1712, mumewe alipokuwa London, Susanna aliongoza ibada ya jioni ya Jumapili nyumbani. Ilianza na watoto na wafanyakazi wake, kisha majirani wakaja, mpaka wakapita watu 200 na wengine wakarudi kwa kukosa nafasi. Malalamiko yalimfikia mumewe. Susanna alimwandikia kwamba akitaka ibada isimame, atoe amri kamili, ili lawama ya kuwaacha watu hao isimwangukie yeye siku ya hukumu.

Alifariki London tarehe 23 Julai 1742, akiwa na miaka 73. Ombi lake la mwisho kwa watoto lilikuwa kwamba, roho yake ikishatoka tu, wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. Walisimama wakikizunguka kitanda, wakaimba.

Miaka 120 baadaye, mwaka wa 1862, mmishonari Thomas Wakefield alifika pwani yetu, na kazi ya Methodisti ikaota mizizi Ribe, karibu na Mombasa. Pamoja na Injili zilikuja nyimbo, na kutoka huko zimetufikia.

Jubilei ni siku ya kuhesabu miaka iliyopita. Tuwahesabu pia watoto wanaokaa viti vya nyuma tunapofanya mazoezi, wakisikiliza. Kila mwimbaji mkubwa akimshika mdogo mmoja, akamfundisha sauti yake kwa subira, hata mara ya 20, kwaya hii itakuwa na watu wa kuadhimisha jubilei ijayo. Tuwashukuru akina mama na walimu waliotushika sisi hivyo. Mungu awabariki, na waliotangulia awapumzishe kwa amani.