Utumaji wa bunduki za airsoft zilizotumika nchini Uingereza

Utumaji wa bunduki za airsoft zilizotumika ni upelekaji wa bunduki bandia za mchezo wa airsoft kutoka kwa mmiliki wa kwanza hadi kwa mnunuzi kwa njia ya posta au kampuni ya kusafirisha vifurushi. Makala hii inahusu England, Wales na Uskoti, ambako wachezaji huuziana vifaa mara kwa mara. Huko kosa la muuzaji kwa kawaida haliko katika kufunga kifurushi bali katika kumuuzia mtu asiyestahili.

Bunduki yenyewe

Airsoft ilianza Japani, nchi ambayo raia wa kawaida hawaruhusiwi kumiliki bastola halisi. Bunduki zake hurusha vipira vya plastiki, vingi vikiwa na kipenyo cha milimita 6 na uzito wa gramu 0.2 au zaidi kidogo. Nyingine hutumia springi inayovutwa kwa mkono, nyingine gesi, na nyingi za siku hizi hutumia mota ya umeme inayosukuma pistoni kwa giaboksi.

Sheria ya Uingereza haizihesabu kuwa silaha za moto ikiwa nguvu yake haizidi kiwango kilichowekwa na Sheria ya Upolisi na Uhalifu ya mwaka 2017: jouli 1.3 kwa bunduki inayoweza kufyatua mfululizo, na jouli 2.5 kwa inayofyatua kipira kimoja kila triga inapovutwa. Kwa kipira cha gramu 0.2, viwango hivyo ni sawa na mwendo wa takriban mita 114 na mita 158 kwa sekunde. Bunduki iliyotumika huenda ilibadilishwa springi na mwenye nayo wa zamani, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi la dukani si ushahidi wa nguvu yake ya sasa. Muuzaji makini huipima kwa kronografu kabla ya kuituma. Ikizidi kiwango, haihesabiwi tena kuwa airsoft, na kuituma bila kibali ni jambo zito kuliko yote yanayoelezwa hapa.

Nani anaruhusiwa kuuziwa

Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Kutumia Nguvu ya mwaka 2006 ilifanya kuwa kosa kutengeneza, kuingiza nchini au kuuza bunduki bandia inayofanana na ya kweli kiasi kwamba haiwezi kutofautishwa nayo kwa macho. Kuwa nayo nyumbani si kosa. Kosa liko katika kuiuza, na sheria haimsamehi mtu binafsi anayeuza bunduki moja tu mtandaoni kwa sababu amechoka na mchezo. Adhabu yake ni faini au kifungo.

Kanuni za mwaka 2007 ziliweka utetezi kwa wale wanaouza kwa ajili ya mechi za airsoft zenye bima ya madhara kwa watu wengine. Utetezi kama huo upo pia kwa ajili ya majumba ya makumbusho, tamthilia, filamu na maigizo ya historia. Ni juu ya muuzaji kuonyesha kwamba aliuza kwa kusudi hilo. Ndiyo sababu humwomba mnunuzi uthibitisho kwanza, kisha hupokea pesa, na kutuma ni hatua ya mwisho.

Uthibitisho unaotumika zaidi ni namba ya UKARA, chama cha wauzaji wa airsoft wa nchi hiyo. Mchezaji huandikishwa baada ya kucheza mechi zisizopungua tatu katika muda usiopungua siku 56, na uandikishaji hudumu mwaka mmoja. Watu wengi huiita namba hii leseni, lakini si leseni: haimo katika sheria yenyewe, na mchezaji anaweza kuthibitisha ushiriki wake kwa njia nyingine. Tena namba pekee haitoshi. Inaweza kuwa imekwisha muda au ni ya mtu mwingine. Duka lililo mwanachama wa UKARA linaweza kuihakiki kwenye orodha, ilhali mtu binafsi hana njia ya moja kwa moja. Muuzaji mwangalifu huhakikisha jina na anwani ya mnunuzi vinalingana na uandikishaji wake, hutuma kwa anwani hiyo tu, na hutunza mawasiliano yote.

Mnunuzi asiye na utetezi huo anaweza kuuziwa bunduki ambayo sehemu yake kubwa ina rangi kali kama nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au buluu, au ambayo mwili wake unaonyesha ndani kama kioo. Hata hiyo haiuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Akiipaka rangi nyeusi baada ya kuipokea, atakuwa ametengeneza bunduki bandia ya aina iliyokatazwa.

Kufunga kifurushi

Mfanyakazi wa ghala ambaye boksi linampasukia mkononi hajui kama anachokiona ni cha mchezo. Kwa sababu hiyo bunduki hufungwa ndani ya boksi gumu la karatasi ya tabaka mbili, lisiloonyesha umbo lake, na nje hapaandikwi jina la bidhaa wala kubandikwa picha. Kuibeba wazi njiani kwenda posta ni hatari zaidi: kuwa na bunduki bandia mahali pa umma bila sababu halali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968, na polisi wanaoitwa kwa taarifa kama hiyo huja na silaha halisi.

Magazini hutolewa, vipira vyote huondolewa, na bunduki ya umeme hufyatuliwa mara moja ikiwa tupu, katika hali ya risasi mojamoja, ili springi ilegee. Darubini na vifaa vya juu hufungwa peke yake. Mtutu na kitako ndivyo huvunjika kwanza boksi likianguka. Bunduki ndefu mara nyingi hutenganishwa vipande viwili, kwa kuwa kifurushi cha ukubwa wa kati cha Royal Mail hakizidi sentimita 61 kwa urefu. Kampuni za usafirishaji hutofautiana: nyingine hukataa kabisa bunduki bandia, nyingine huzipokea lakini hazilipi fidia zikivunjika. Anayeficha yaliyomo ili boksi lipokelewe hupoteza haki ya kudai chochote.

Betri na gesi husumbua kuliko bunduki. Betri za lithiamu zinaweza kushika moto, na tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Kwa hiyo wauzaji wengi hubaki na betri, kwani mnunuzi atapata nyingine kwa bei nafuu. Makopo ya gesi, ambayo kwa kawaida ni propani iliyochanganywa na silikoni, hayatumwi, na magazini za gesi hutolewa gesi yote kwanza. Mabomu bandia ya mkono nayo hayatumwi kimataifa: Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unakataza mifano ya mabomu hata kama ndani hayana kitu.

Kuvuka mipaka

Ireland ya Kaskazini ina sheria yake ya silaha. Katika Jamhuri ya Ireland, bunduki inayozidi jouli 1 ni silaha ya moto, hivyo bunduki halali mjini Liverpool inaweza kuwa haramu mjini Dublin. Kifurushi kinachoingia Uingereza kinaweza kuzuiwa na maofisa wa mpakani mpaka mpokeaji aonyeshe utetezi wake. Wanunuzi wa bunduki kutoka Marekani hukosea hapa, kwa sababu sheria ya huko hudai ncha ya mtutu iwe na rangi ya chungwa kwa angalau milimita 6. Uingereza huangalia rangi iliyotawala bunduki nzima, na ncha hiyo haibadilishi chochote.