The Siege of Jadotville (makosa ya filamu)
Filamu ya 2016 iliyoongozwa na Richie Smyth kuhusu askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, leo Likasi, tarehe 13–17 Septemba 1961. Ilirekodiwa Afrika Kusini, kwa hiyo vilima vinavyoonekana si vya Katanga, jimbo la Kongo lenye mji huo. Kosa zito zaidi linamhusu Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga: anaitwa jenerali, ilhali alikuwa mfanyabiashara aliyeingia siasa, wala hakuwahi kuwa mwanajeshi. Tena filamu inaonyesha alitwaa madaraka baada ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ilhali alitangaza Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, miezi 6 kabla Lumumba hajauawa. Kofia inayobadilika ghafla kati ya picha mbili husameheka. Kupindua mfuatano huo kunawanyima watu wa Likasi historia yao.