Kukanusha si Kuthibitisha: Hilali ya Ramadhani na Mipaka ya Sayansi mbele ya Imani

Katika mijadala yetu ya vyuoni kuhusu sayansi na dini kuna suluhu moja inayotolewa haraka mno. Sayansi, tunaambiwa, hueleza mambo yanavyotokea. Dini hueleza kwa nini tupo na tuishi vipi. Kila mmoja akibaki kwake, ugomvi utakwisha. Aliyeipa suluhu hii umbo la kitaaluma ni mwanabiolojia wa Marekani, Stephen Jay Gould, kwanza katika makala ya 1997 na kisha katika kitabu chake Rocks of Ages cha 1999. Imependwa kwa sababu ina heshima: haimtukani muumini wala haimkwazi mwanasayansi. Hata hivyo ninaikataa, kwa kuwa maswali ambayo watu huishi nayo hayagawanyiki mafungu mawili namna hiyo. Swali moja, linaloulizwa kwa pumzi moja, huwa na sehemu inayopimika na sehemu isiyopimika, na sehemu hizo zimefumana.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Sam Harris, katika The Moral Landscape ya 2010, anadai kwamba hata maadili ni kazi ya sayansi, kwa kuwa wema na ubaya ni habari za ustawi wa viumbe wenye fahamu, na ustawi huo unaweza kuchunguzwa. Kabla yake Robin Horton, katika makala yake ya 1967 kuhusu fikra za jadi za Kiafrika, aliitazama dini kama nadharia ya kueleza matukio, yaani mshindani wa sayansi katika kazi ileile. Wote wawili wanachukulia kwamba anayeuliza swali la imani anatafuta maelezo. John Mbiti alikwisha kutuonyesha mwaka 1969 kwamba dini kwa Mwafrika imeenea katika kila pembe ya maisha. Sina haja ya kurudia hoja yake. Ninalotaka ni kuchukua swali moja dogo, la kila mwaka, na kulifuata hadi mwisho wake. Swali lenyewe ni hili: je, kesho tunafunga?

Hakuna swali la dini ambalo sayansi imejiandaa kulijibu vizuri kuliko hili. Mwezi wa falaki una wastani wa siku 29.53. Wakati ambao mwezi unakutana na jua angani hujulikana kabla kwa miaka mingi, tena kwa usahihi wa sekunde. Mwanafalaki wa Ufaransa, André Danjon, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa umeachana na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hilali haionekani kwa macho. Rekodi maarufu ya kuiona hilali changa bila chombo, ya mwaka 1990, ni ya mwezi uliokuwa na umri wa saa 15 na nusu hivi. Kwa elimu yote hii, bado pwani yetu husherehekea Idi mbili. Baba amefunga, mwanawe anakula pilau. Msikiti mmoja unaleta takbiri za Idi, wa mtaa wa pili unaswali tarawehe za mwisho. Yapo makundi yanayofuata mwezi ulioandama popote duniani, mara nyingi kwa tangazo la Saudia, na yapo yanayongoja tangazo la Kadhi Mkuu nchini Kenya, au la Mufti kule Tanzania Bara na Zanzibar. Msomi akiyaona hayo husema kwamba ni ujinga tu, na hesabu zingeumaliza.

Hesabu hazijaumaliza hata pale zilipokubaliwa. Mkutano wa Istanbul wa 1978 uliweka sharti kwamba mwezi uwe umeachana na jua kwa nyuzi 8 na uwe juu ya upeo kwa nyuzi 5. Nchi za Brunei, Indonesia, Malaysia na Singapore zimekubaliana katika miaka ya karibuni juu ya nyuzi 3 za kimo na nyuzi 6.4 za kuachana. Kalenda ya Ummul Qura ya Saudia, inayotumika katika mambo ya kiserikali, inatosheka kwamba mwezi umekutana na jua kabla ya magharibi na kwamba unatua Makka baada ya jua. Wote hao wanasoma majedwali yaleyale. Hakuna anayebishana na mwenzake kuhusu mahali mwezi ulipo. Wametoka na kalenda tatu. Harris angetaka tuamini kwamba ukweli ukikamilika uamuzi hujitokeza wenyewe. Hapa ukweli umekamilika hadi nukta ya mwisho, na uamuzi haujajitokeza.

Tuje nyumbani. Hoja inayosikika sana kwetu ni ya matlai: kwamba mji ulio mbali una mwandamo wake, na Makka ni mbali. Hoja hiyo ina asili yenye nguvu. Katika Sahihi Muslim kuna habari ya Kurayb, aliyerudi Madina kutoka Sham na kueleza kwamba huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa, na Ibn Abbas akakataa kuufuata kwa kuwa Madina waliuona usiku wa Jumamosi. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, yalijenga juu yake. Lakini tazama ramani. Makka iko kwenye longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa 39.7, mji wa Unguja 39.2. Hizi ni sehemu zilizo karibu na mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kweli latitudo zinatofautiana sana, Makka ikiwa nyuzi 21 kaskazini na Unguja nyuzi 6 kusini, na jambo hilo hubadili namna hilali inavyolala juu ya upeo. Ila Kigoma, iliyo nyuzi 29.6 mashariki, hutuliwa na jua zaidi ya nusu saa baada ya Unguja, na sijasikia mtu akidai matlai ya Kigoma. Kinyume chake, Vanga iko Kenya na Jasini iko Tanzania. Ni vijiji jirani. Mvuvi wa huku na mvuvi wa kule hutazama anga lilelile juu ya bahari ileile. Matangazo ya Nairobi na Dar es Salaam yakihitilafiana, wao pia watahitilafiana, na hakuna darubini itakayowapatanisha, maana hawakutenganishwa na mwezi. Wanachokitafuta kwenye redio usiku ule ni mwenye haki ya kuwaambia fungeni, na watu watakaofunga pamoja nao.

Je, basi sayansi haina neno? Hapa ndipo suluhu ya Gould, kama inavyotumiwa kwetu, inaporudi kwa furaha, na hapa ndipo inapokosea. Tuseme shahidi mwadilifu anakuja kwa kadhi na kuapa kwamba ameiona hilali, jioni ambayo mwezi ulikwisha kutua kabla ya jua. Kwa mgawanyo unaotumiwa hivyo, kadhi yuko upande wa dini na mwanafalaki hana ruhusa ya kuvuka. Lakini kadhi akimkubali shahidi huyo atakuwa amesema jambo kuhusu anga, na jambo hilo si kweli. Taqiyuddin al-Subki, aliyekuwa kadhi mkuu wa Kishafi mjini Damascus na kufariki mwaka 1355, alilikabili tatizo hili waziwazi. Alisema kwamba hesabu za falaki zikionyesha kuwa kuonekana hakuwezekani, ushahidi hukataliwa, kwa kuwa hesabu ni yakini na ushahidi ni dhana, na dhana haishindani na yakini. Hesabu zikionyesha kuwa kuonekana kunawezekana, hazimlazimishi mtu kufunga. Hesabu, kwake, hukanusha, hazithibitishi.

Hakukubaliwa na wote katika madhehebu yake. Al-Ramli aliona kwamba sharia haikuzijali hesabu na ushahidi ufuatwe. Ibn Hajar al-Haytami alishika njia ya kati: ushahidi ukataliwe pale ambapo wajuzi wa hesabu wameafikiana kwa wingi usioweza kutiliwa shaka. Ninavyoona, sharti la Ibn Hajar limetimia katika zama zetu, kwa kuwa kukutana kwa jua na mwezi ni jambo ambalo hakuna mwanafalaki yeyote analipinga. Basi aliyesoma Minhaji, kitabu cha fiqhi ya Kishafi, kwa sherehe ya Ibn Hajar hana haja ya kutoka nje ya madhehebu yake ili amkatae shahidi wa mwezi usiokuwepo.

Inasimuliwa kwamba watu wa Basra walitoka kuutazama mwezi wakiwa na Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, ambaye umri wake ulikuwa unaukaribia mwaka wa mia. Anas akasema ameuona, akaonyesha kwa kidole. Wengine hawakuona kitu. Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi wa mji huo, akamwangalia usoni. Akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho. Akaupangusa, akaulaza vizuri, kisha akamuuliza mwezi uko wapi. Mzee akajibu kwamba haoni tena. Sijui simulizi inayoeleza kanuni hii ya kukanusha vizuri zaidi. Iyas hakumwita sahaba mwongo, wala hakunyamaza kwa heshima ya uzee wake. Alichunguza, akakanusha, na mwezi wa Ramadhani ukabaki kuwa mwezi wa kuonekana kama ulivyokuwa.

Kuna pingamizi linalopendwa na vijana wetu wasomi: misikiti inayokataa hesabu za mwezi imetundika ukutani ratiba ya swala iliyokokotolewa kwa nyuzi za jua, na hakuna anayetoka nje alfajiri kutazama weupe wa anga. Pingamizi hili ni jepesi kuliko linavyosikika. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri wa karne ya 13, alilijibu: sababu ya kuwajibika swala ni wakati wenyewe, kwa hiyo njia yoyote ya kuujua wakati inatosha, lakini sababu ya kuwajibika saumu ni kuonekana kwa hilali, na kuonekana hakukokotolewi. Mtu anaweza kumpinga al-Qarafi, kama alivyofanya mwanahadithi wa Misri, Ahmad Shakir, mwaka 1939, alipotetea hesabu kwa hoja kwamba umma sasa unajua kuandika na kuhesabu. Lakini hata Shakir alilazimika kujenga hoja ya kifiqhi. Falaki haikuweza kumjengea.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa vyombo. Tarehe 8 Julai 2013 Thierry Legault wa Ufaransa alipiga picha hilali mchana, katika dakika ileile ya kukutana kwa mwezi na jua, kwa kamera ya infraredi na kwa kulikinga jua lisiiharibu picha. Basi lile linaloitwa haliwezekani si kitu kimoja daima. Kwa jicho haliwezekani, kwa kamera limewezekana. Ninakubali uzito wake. Kanuni ya al-Subki inadai kwamba kila ukanushaji useme unakanusha nini: shahidi wa macho, wa darubini, au wa kamera. Kama picha ya kamera ni kuona kunakotakiwa na sharia, hilo halimo ndani ya kamera.

Nadhani kanuni hii ina upana zaidi ya mwezi, ingawa nje ya falaki yakini ni adimu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Masapila, dawa ya mizizi ya mugariga iliyotolewa kwa shilingi 500 na kusemwa kuwa imefunuliwa na Mungu. Miongoni mwa yaliyodaiwa kutibiwa ni kisukari na UKIMWI, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Kwa wanaoutumia mgawanyo wa Gould hivyo, hilo ni jambo la imani, tuliache. Mimi siwezi kuliacha. Dai kwamba virusi vimetoka mwilini ni dai kuhusu damu, na damu inapimwa. Kipimo kikisema vipo, dai limekanushwa, na kiongozi wa dini aliyenyamaza hapo alishiriki katika madhara. Lakini mgonjwa aliyelala siku kadhaa kwenye foleni ya magari alikuwa na swali jingine pia, lililofumwa ndani ya lile la kwanza: ataishi vipi na kitu kisichotoka, na nani atasimama naye. Vidonge vya kila siku vilimpa miaka ya kuishi. Swali hilo alibaki nalo. Wale waliomcheka walijibu nusu ya swali wakadhani wamemaliza.

Inabaki hofu kwamba kanuni hii inaipa imani nafuu kubwa mno, kwa kuwa madai mengi ya dini, kama lile la uhai baada ya kifo, hayana hesabu ya kuyakanusha. Hofu hiyo inasahau kinachofanyika mbele ya kadhi jioni ambayo kuonekana kunawezekana. Shahidi haaminiwi kwa kuwa falaki imenyamaza. Anaulizwa alisimama wapi, alitazama upande gani, pembe za hilali zilielekea wapi, alikuwa na nani. Kisha wanaulizwa watu wanaomjua: ni mkweli katika biashara yake? Anatimiza ahadi? Wahubiri wetu, wa misikitini na wa makanisani, wanaposema habari za yale ambayo hakuna chombo kinachoyafikia, wakubali kuhojiwa kwa ukali uleule, na wahojiwe kwanza na waumini wao.