Nguo, viatu na moshi: nani atalipa ili viwanda visafike?

Siku balo inafunguliwa kwenye soko la Kama, hakuna anayeuliza suruali imeshonwa wapi. Mnunuzi anaangalia zipu, anavuta kitambaa, anapatana bei. Lakini ile suruali ya jinzi iko na moshi nyuma yake. Mwaka 2015 kampuni ya Levi's ilitangaza hesabu ya suruali yake moja: tangu pamba ya shambani mpaka siku inatupwa, inatoa karibu kilo 33 za hewa ya ukaa. Hiyo ni gesi inayotoka wakati makala ya mawe, mazutu ao petroli inaungua. Ikizidi angani, inafunika dunia kama blanketi, joto linapanda na majira ya mvua yanaharibika.

Viatu navyo ni vilevile. Mwaka 2013, wachunguzi wa chuo cha MIT, kule Marekani, walipima jozi moja ya viatu vya kukimbilia. Walipata karibu kilo 14 za hewa ya ukaa. Kiatu kile kilikuwa na vipande 65, na kazi ya kukitengeneza ilipita hatua 360. Zaidi ya nusu ya moshi wote ulitoka kiwandani, hautoki kwa mtu anayekivaa.

Moshi unatoka wapi hasa?

Wengi wanafikiri ni meli na malori yanayobeba mizigo. Hapana, sehemu hiyo ni ndogo. Ripoti moja ya mwaka 2020 ilihesabu kwamba kazi ya nguo na viatu ilitoa tani bilioni 2.1 za gesi mwaka 2018, ni kusema karibu asilimia 4 ya gesi zote za dunia. Na asilimia 70 hivi ilitoka mbele nguo haijafika dukani: kulima pamba, kutengeneza nyuzi, kufuma, kupaka rangi, kushona.

Kazi nzito kupita zote ni rangi. Kitambaa kinaloweshwa katika maji ya moto, kinasuuzwa, kinakaushwa, mara nyingi. Maji hayo yanachemshwa na mtambo mkubwa wa mvuke, na katika nchi nyingi za Asia mtambo huo unakula makala ya mawe mchana na usiku.

Sasa, hapa ndipo ugumu unaanza. Kampuni zenye majina makubwa hazina viwanda hivyo. Zinanunua kwa watu wengine, wale wanaoitwa wasambazaji, huko China, Bangladesh, Vietnam, India, na hata Kenya. Jina kwenye shati ni la Ulaya ao Marekani, lakini moshi ni wa msambazaji.

Ahadi zilizotolewa

Mwezi wa 12 mwaka 2018, kwenye mkutano wa hali ya hewa wa Katowice, nchini Polandi, kampuni nyingi za nguo zilitia sahihi mapatano chini ya Umoja wa Mataifa. Zilisema zitapunguza gesi kwa asilimia 30 mpaka 2030. Mwaka 2021, huko Glasgow, ahadi iliongezwa: kupunguza nusu mpaka 2030, na kufikia sifuri mpaka 2050. Ahadi inahesabu pia moshi wa wasambazaji. Kwa hiyo kampuni haiwezi kuitimiza kwa kubadilisha taa za ofisi yake peke yake.

Msambazaji anasaidiwa namna gani?

Kazi inaanza na kupima. Kiwanda kinafunga mita kwenye umeme, maji na mvuke, ili kijue nguvu inapotelea wapi. Kisha yanakuja mambo madogo: kuziba mabomba yanayovuja mvuke, kuyafunika ili yasipoteze joto, kurudisha maji ya moto yaliyotumika ili yapashe maji mapya.

Mambo hayo yanaonekana ya kawaida, lakini yanalipa. Programu moja inayoitwa Clean by Design ilifanya hivyo katika viwanda 33 vya China. Ripoti yake ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba viwanda hivyo viliokoa dola milioni 14.7 kwa mwaka, na pesa iliyowekwa ilirudi baada ya miezi 14 hivi.

Mambo makubwa ni mengine. Kuondoa mtambo wa makala ya mawe na kuweka wa umeme, ao kufunika paa lote kwa paneli za jua, inaomba mkopo mkubwa. Mwaka 2021 ilikadiriwa kwamba kusafisha sekta nzima kutaomba dola trilioni moja. Mwaka uliofuata, shirika la Apparel Impact Institute lilianzisha mfuko wenye lengo la dola milioni 250. Ni mwanzo tu. Msambazaji anayesukumwa kila mwaka ashushe bei ya shati, hawezi tena kulipa peke yake mtambo mupya. Anahitaji mkopo wa riba ndogo, na mkataba wa miaka mingi, ili ajue kwamba mnunuzi hatamkimbia kesho.

Na Afrika je?

Nguvu safi peke yake haitoshi. Huko Ethiopia, eneo la viwanda la Hawassa lilifunguliwa mwaka 2016, na umeme wa nchi ile unatoka zaidi kwa maji. Lakini wakati wa vita vya Tigray, kampuni kubwa ya Marekani ilifunga kiwanda chake pale, na mwanzo wa 2022 Ethiopia ikapoteza nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru.

Kongo iko na hadithi yake. Kiwanda cha SOTEXKI cha Kisangani kilisifika kwa vikwembe, katika mji unaolishwa umeme na barrage ya mto Tshopo. Vita, mitambo iliyozeeka na vitambaa vya bei ndogo kutoka Asia vilikidhoofisha. Maniema nayo ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako wakoloni walilazimisha watu kulima pamba, kuanzia 1917. Na katika teritware ileile ya Pangi, upande wa Kalima, maji ya Lutshurukuru yanazungusha turbini tangu wakati wa kampuni za bati. Pamba ilikuwako, maji yako, lakini kikwembe cha sokoni kinatoka mbali, mahali ambapo makala ya mawe inaungua.

Fundi wa Kama anaingia wapi?

Anaingia pakubwa. Nguo ikisha kutengenezwa, moshi wake umekwisha kutoka. Kilichobaki ni kuivaa muda mrefu, ili isihitajike nyingine haraka. Shirika la WRAP la Uingereza lilihesabu mwaka 2012 kwamba kuongeza miezi 9 kwa maisha ya nguo kunapunguza madhara yake ya gesi, maji na takataka kwa asilimia 20 mpaka 30.

Mama anayepunguza suruali ya balo kwa mashini ya kukanyaga na miguu, ao fundi anayeshona soli iliyofunguka, anafanya kazi hiyohiyo inayohubiriwa kwenye mikutano mikubwa. Mashini yake haitumii umeme, na mfuko wa milioni 250 haukufikiriwa kwa ajili yake. Yeye analipwa na mwenye kiatu, franga kidogo kidogo, na uzi anajinunulia mwenyewe.